Ungemwonyesha Mkweo Lile Kovu

Kambale,

Sikuulizi hali, maana jibu lako nalijua. Ungesema "niko muzima," kama ulivyosema asubuhi ile ukiwa umejikunja kitandani kama jani kavu la mgomba, nami kwa ujinga wangu nikakuamini, nikawasha lori nikaenda Kahendero kufuata samaki. Basi salamu tuziache. Nimekasirika. Nimekasirika tangu siku tuliyokuzika hapo Bwera, na Halima wangu anasema nikiendelea hivi nitalitoboa hata hili tumbo dogo nililobakishiwa. Ndiye aliyeniambia nikae niandike. "Mgombeze mwenyewe," amesema, "sisi humu ndani tumechoka kugombezwa kwa kosa lake."

Niko dukani Kasese, kwenye kile kiti changu kipana ulichokuwa ukikiita kitanda cha Haruna. Zamani nilikijaza mpaka mbao zikalia. Siku hizi tunakikalia mimi na paka, na nafasi ya mgeni inabaki.

Tulivyokuwa unakumbuka. Wavuvi wa Kahendero walikuwa wakinipandisha kwenye mizani ya samaki wapate kucheka, mshale unakwenda hadi mwisho wake unasimama pale ukitetemeka, nao wanasema, "Tani Mbili, wewe huuziki, nani atakubeba?" Na wewe usijifanye ulikuwa mwembamba. Ukipanda lori langu, lori zima liliinamia upande wa Kongo. Tulitembea barabara ile, Kasese, Muhokya, hadi mpakani, mimi na samaki na chumvi yangu, wewe na maharage na vitenge vyako, na kila mahali tuliposimama tulikula. Hatukula kwa njaa. Tulikula kwa heshima. Tumbo ndilo lililokuwa barua yetu ya utambulisho. Mwenye tumbo alikabidhiwa mzigo bila swali. Aliyekonda aliulizwa kwanza kama anaumwa.

Halafu ukapotea. Mkeo Masika akatuambia umekwenda Butembo kwa mjomba. Uliporudi, suruali umeifunga kwa kamba ya katani na shingo inacheza ndani ya kola kama kijiko ndani ya kikombe. Ukawaambia watu wa Bwera ulikuwa umeweka nadhiri kwa Bikira Maria, umefunga kula kwa ajili ya marehemu mama yako. Mimi Mwislamu, najua nini mambo ya nadhiri zenu? Nikamwambia Halima, hawa Wakatoliki wakifunga hawana mchezo, sisi Ramadhani yetu ni kuchelewesha chakula tu. Nikakusifu msikitini, Kambale. Umenisikia? Nilikusifu mbele ya shehe.

Nikaja kuujua ukweli nilipoangushwa na ugonjwa mimi pia. Vidonda vya tumbo. Nilitapika damu juu ya magunia ya chumvi, nikapelekwa hospitali ya misheni, wakanipasua. Nilipozinduka daktari akaniambia sehemu kubwa ya tumbo imeondolewa, na kwamba mwili nilionao hautadumu, utayeyuka. Akaniambia nitajifunza kula upya kama mtoto. Nilidhani ananitania. Nilikuwa na watoto tayari. Sikuona haja ya kuwa mmoja wao.

Ukaja wodini. Ukawatoa wageni wote, hata Halima, ukafunga mlango, ukapandisha shati. Kovu refu, kutoka kifuani hadi kitovuni. "Tazama, ndugu," ukasema. "Yangu na yako beko mapacha." Nikataka kucheka, mishono ikaniuma, nikalia badala yake. Kisha ukaniwekea mkono mdomoni kama ninavyomfunga mtoto anayetaka kusema habari za nyumbani kwa wageni. "Haruna, hapana sema kwa mutu. Mutu wa biashara akikatwa tumbo, bantu banaona maiti yenye kutembea. Na Kahindo iko mukubwa, atatafuta bwana. Nani ataoa mutoto wa mugonjwa?" Nikaapa. Mtu aliyelala na mipira puani ataapa chochote. Hapo ndipo uliponifunga kamba, na kamba hiyo ndiyo ninayoipigia kelele leo.

Lakini mwalimu ulikuwa, sitakunyima sifa hiyo. Hospitali walinipa maneno, wewe ukanipa maarifa. Ulinifundisha kula kwenye kisahani cha kikombe, ili macho yaone kimejaa. Ukanifundisha kutafuna obundu, huu ugali wetu wa muhogo ambao tangu utoto tunaumeza tonge zima, niutafune mpaka uwe uji, ndipo umeze. Maji usinywe na chakula. Ukishiba kidogo tu, acha. Ukiongeza tonge moja, hilo tonge litakuonyesha. Liliponionyesha mara ya kwanza nilikuwa nyumbani kwangu mwenyewe, na Halima alikuwa amepika samaki wa nazi, ule upishi ulionifanya nimwoe. Nilianza kula kwa pupa ya zamani. Nikatoka jasho kama mwizi aliyeitwa kwa jina lake, moyo ukapiga ngoma ya kijeshi, nikalala sakafuni jikoni. Halima akalia. Hakulia kwa kuogopa nitakufa. Alilia kwa sababu nilikuwa nimekula vijiko vichache tu, na mke ambaye mume wake hali, majirani humtazama yeye. Walimuuliza kisimani, "Mama Zaituni, unamnyima nini huyo mzee?"

Na chai ya sukari! Hapo ndipo nilipokufa kidogo. Kikombe kimoja kitamu na niliona nyota mchana. Baadaye sukari ikaadimika nchi nzima, watu wakapanga foleni, wakaipitisha kwa magendo usiku kupitia hapo kwenu, wakapigwa kwa ajili yake. Mimi nikawa raia pekee wa Kasese asiye na malalamiko. Ulicheka sana nilipokuambia. Tulicheka wote, kwenye lori, tumeshika matumbo yetu mawili ambayo ukiyaunganisha hayafiki moja.

Tumbo limekatwa, lakini macho hayakukatwa. Hilo hatukuambiwa. Nikipita kwa yule mchoma nyama wa Muhokya bado mate yananitoka kama zamani, nanunua kipande, nakitafuna, nampa paka. Nilikuwa mtu mnene aliyepoteza nyumba yake, sasa nimepanga chumba ndani ya ngozi yangu mwenyewe, na ngozi inaning'inia kama shuka iliyoanikwa.

Nikufikishe sasa kwenye mkono, maana yote yalianzia kwenye mkono. Unajua desturi ya kula pamoja, kwetu na kwenu ni ileile: mkubwa akitoa mkono sahanini, wote wanatoa. Mimi ndiye mkubwa nyumbani kwangu. Wiki zile za kwanza nilikula tonge zangu chache, nikatoa mkono, na wanangu wote wakatoa mikono wakiwa na njaa, wakaniangalia kwa adabu. Zaituni alilamba vidole mpaka nikaona aibu. Nikakuuliza nifanyeje, ukanipa dawa: "Acha mukono ndani ya sahani. Shika obundu, hapana kula. Ongea." Basi nikawa msimulizi. Mkono wangu unakaa kwenye sinia kama kuku anayeatamia, mdomo unasimulia safari za Kahendero, viboko, madereva walevi, na wanangu wanakula wakacheka wakashiba. Obundu ulikaukia kwenye kucha zangu kila jioni. Watu wakasema Haruna amekonda lakini amepata ulimi. Ulimi ulikuwa wako, Kambale. Uliniazima wewe.

Kwa hiyo niambie. Wewe uliyenifundisha, siku ile kwa Baluku, baba mkwe wa Kahindo, ulifanya nini?

Tena kabla ya hapo, jambo la askari. Tulikuwa tunakuja Bwera mimi na wewe, siku mbuzi wa mahari ya Kahindo walipokamilika, na kizuizini askari kijana akaliona koti langu la zamani linaloning'inia. Akadhani nimejifunga vitenge vya magendo kiunoni. "Wewe! Shuka! Umeficha nini humo?" Nikamwambia, "Afande, nilichoficha kilikatwa, wakakiacha hospitali." Akanisukuma na mtutu, nikafungua shati, akaliona kovu. Akashusha mtutu. Akasema, "Pita, mzee," kwa sauti ya mtu aliyeona kaburi la baba yake. Na wewe ulikuwa umeketi mle ndani ya lori, umebana shati lako kwa mikono miwili, humwangalii yeyote. Nilimwonyesha mwenye bunduki, Kambale. Wewe ukashindwa kumwonyesha mkwe.

Mzee Baluku alitupokea vizuri. Kwa ajili yangu alitaka mbuzi achinjwe na Mwislamu, akanipa kisu mimi mwenyewe. Beberu mzee, shingo kama kamba ya kufungia ng'ombe. Nilimwambia, "Mzee, huyu alistahili kustaafu." Akacheka, akasema kwa mkwe wake wa kwanza hachinji mtoto. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alimchinja mbuzi aliyekuua, ni mimi. Hilo nalo ninalibeba, na sikushukuru kwa kunibebesha.

Tukaketi, kikapu cha obundu katikati, bakuli la nyama kando, wewe ukiwa mgeni wa heshima. Ukala tonge zako ndogo, ukachovya mchuzi, ukaanza kuongea, mkono ndani. Nilikutazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu ubaoni. Ulikuwa unakwenda vizuri. Ndipo Baluku akasema, akicheka, "Mukwe, unaongea mingi, unakula kidogo. Ama unafikiri chakula yetu iko na kitu ndani?"

Wote wakacheka. Lakini mikono yote ilisimama, Kambale, na wewe uliona. Ni mzaha ambao mtu hafanyi bure. Kumuogopa mwenyeji sumu siku ya mahari ni sawa na kuwarudisha mbuzi wote zizini. Hapo ulikuwa na maneno matatu tu ya kusema: tumbo langu limekatwa. Ulikuwa na vifungo vya shati vya kufungua. Ulikuwa na mimi pembeni yako, shahidi mwenye kovu pacha. Badala yake ukachukua nyama ya shingo. Nikakufinya paja, ukausukuma mkono wangu. Ukameza kipande, ukameza kingine, bila kutafuna, ukitabasamu, macho yamejaa maji, na Baluku akapiga makofi akasema, "Sasa huyo ni mukwe." Na mikono yote ikarudi kikapuni.

Ulikula ili wao washibe. Ukiniuliza ni ushujaa, nitakuambia ni upumbavu. Ulimwogopa Baluku kuliko ulivyoogopa kifo, na Baluku mwenyewe hakujua kuwa anaogopwa.

Asubuhi yake ndipo uliponidanganya kuwa uko muzima, nikaenda Kahendero. Niliporudi na samaki wangu, Masika alikuwa amesimama barabarani anasubiri lori, hana hata viatu. Tulikulaza juu ya magunia. Ulifika hospitali ukiwa hai kidogo. Daktari yule aliyetukata sisi sote akakubonyeza, akasema nyama isiyotafunwa imeziba njia, na akatuuliza kwa nini hatukukuleta mapema. Masika akanitazama. Mimi nikakutazama wewe. Ukafumba macho, ndugu yangu, na ulikuwa ukinitoroka kama wanaotoroka maswali.

Sasa nikuambie ulichotuachia.

Hukumaliza hata wiki kaburini kabla Bwera nzima haijasema kuwa Baluku amemlisha mkwe wake sumu. Alikula kwake, akaanguka, akafa: unataka ushahidi gani tena? Wakisema amekufa hospitali, wanajibiwa kuwa wazungu hawaijui sumu ya hapa. Wakisema ni nyama, wanauliza nani amewahi kufa kwa nyama ya mbuzi. Hakuna aliyenunua tena kahawa ya Baluku. Watoto walivuka barabara wakimwona. Na ndugu zako wakatuma habari kutoka Beni kwamba siku ya kuondoa matanga watakuja kumchukua Kahindo na kurudisha mbuzi. Kahindo, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Tumbo la heri, hilo, na wakalifanya kesi.

Watu wawili tu tulijua. Masika ulimwapisha juu ya rozari ya mama yako. Mimi uliniapisha kitandani kwangu. Nilikuja kwake, nikamwambia, "Shemeji, tuseme." Akasema, "Uliapa wewe, na mimi niliapa. Yeye iko wapi wa kutufungua?" Kambale, nilikwenda kaburini kwako siku hiyo. Nilipiga lile tuta teke. Mguu uliniuma wiki nzima, nao ni mguu mwembamba siku hizi, hauna nyama ya kupokea.

Siku ya matanga Baluku alikuja. Nitamsifu kwa hilo. Alikuja peke yake na mkongojo wake, akapita katikati ya ndugu zako, akaketi. Chakula kikaletwa, watu wakajikusanya kwenye vikapu, na mbele yake kikawekwa kikapu kizima. Hakuna aliyekaa naye. Hakuna aliyenawa upande wake. Mzee wa watu alikuwa ameketi na obundu wa kutosha watu kumi, akiuangalia unatoa moshi.

Nilikuwa nimemkasirikia hata yeye, kwa ule mzaha wake. Lakini nilipomwona pale niliona aibu ambayo sijui ilitoka wapi. Nikanawa, nikaenda nikaketi mbele yake, nikaingiza mkono. Akaingiza wa kwake. Nikala tonge zangu chache, nikatafuna kila moja mpaka uji, kama ulivyonifundisha, nikashiba. Nikatoa mkono. Naye akatoa wake mara moja, akainamisha kichwa, na nikajua anawaza nini: hata Haruna anaogopa.

Hapo kamba ikakatika. Nikasimama, nikafungua shati mbele ya wageni, mbele ya katekista, mbele ya wanawake, mzee mzima wa msikitini. Nikasema, "Mnaliona hili? Mimi nimetoa mkono kwa sababu ya hili. Kambale alikuwa na la kwake, refu kama hili. Hakwenda Butembo, hakuweka nadhiri. Alikatwa tumbo, na tumbo la kukatwa halimezi shingo ya beberu. Aliimeza ili msimcheke. Hiyo ndiyo sumu."

Mkubwa wa ndugu zako akasema, "Uongo." Akamgeukia Masika. "Mama, ni kweli?"

Masika akasimama. Kisha akasema, "Ni kweli. Ni mimi nilikuwa nafunga ile kidonda."

Unajua Baluku alisema nini? Nilitegemea atapiga kelele, adai kuombwa radhi, aite mashahidi. Alikaa tu anaangalia kikapu. Akasema polepole, "Kwa nini hakuniambia? Ningemupikia uji."

Basi. Uji, Kambale. Hilo tu ndilo lililokuwa upande wa pili wa siri yako. Kibakuli cha uji.

Mkubwa wa ndugu zako akanawa, akaja akaketi kwa Baluku, akaingiza mkono. Wengine wakafuata. Kahindo yuko kwa mumewe, na mbuzi wamebaki kwa Masika. Nimevunja kiapo chako mbele ya watu wote, na sikuombi msamaha. Ukitaka niombe, njoo unidai.

Juzi Baluku alikuja Kasese kunitembelea. Halima akapika samaki wa nazi. Tuliketi kwenye sinia, Baluku, mimi na watoto. Nilikula kidogo changu, nikasita. Mkono ulitaka kubaki pale kama ulivyozoea, na hadithi ya kiboko wa Kahendero ilikuwa tayari mdomoni. Nikautoa. Nikasema, "Mimi nimeshiba, tumbo langu limekatwa. Ninyi endeleeni." Watoto wakatoa mikono. Zaituni akaanza kulamba vidole. Lakini Baluku hakutoa. Mzee yule ambaye maisha yake yote hajawahi kula baada ya mwenyeji kunyanyua mkono, akamega tonge, akatafuna huku ananiangalia, akamega tena. Zaituni akamtazama, akanitazama, akarudisha mkono wake sahanini, kisha wenzake wote. Walikula mpaka sinia likabaki bati tupu, nami nimekaa kando nimeshanawa, sina hadithi.

Lala, ndugu yangu. Bado nimekasirika, na siku nikikufuata nitakuja na ugomvi huu mkononi, hata maji ya kunywa usinikaribishe kabla hatujaumaliza. Lakini hili nakuahidi. Kila nyumba nitakayoketi nitasema kabla ya kunawa kwamba tumbo langu limekatwa, na kwamba lako pia lilikatwa. Na mjukuu wako akizaliwa, nitaomba nimlishe mimi tonge lake la kwanza. Nitamfundisha kutafuna. Akishiba, nitamfundisha kutoa mkono.

Wako, nusu ya Tani Mbili,
Haruna